Shajara ya mradi: kufua na kupiga pasi sare ili kulipia mwaka wa pili wa uuguzi

Mahali: Morogoro. Wahusika: wanafunzi wanne wa stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili kati ya mitatu (ngazi ya 5 ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi), chuo cha binafsi, wamepanga vyumba viwili nje ya chuo. Hesabu zote ni shilingi za Tanzania na zimetoka kwenye daftari la mradi. Bei za mahali pengine zitatofautiana, lakini mpangilio wa kalenda hautatofautiana sana, na kalenda ndiyo iliyotusumbua kuliko bei.

29 Septemba 2024: Hesabu kabla ya kuanza

Tumeanza na fomu ya kujiunga na chuo, siyo na makisio ya kichwani. Kwa mtu mmoja mwaka huu: ada 1,400,000 kwa awamu nne za 350,000 (7 Oktoba, 9 Desemba, 3 Machi, 5 Mei), mtihani wa wizara 150,000, udhibiti ubora 15,000, bima ya afya 50,400. Jumla ya vinavyolipwa chuoni ni 1,615,400.

Vifaa: sare mpya mbili 70,000, viatu 30,000, boksi mbili za glovu 24,000, logibuku (daftari la kumbukumbu za mafunzo ya vitendo) 10,000. Jumla 134,000.

Kuishi kwa miezi kumi: pango 25,000 (chumba cha 50,000 kwa watu wawili), chakula 75,000, nauli, maji na umeme 30,000. Ni 130,000 kwa mwezi, yaani 1,300,000.

Jumla kuu kwa kichwa ni 3,049,400. Nyumbani wameahidi wastani wa 2,150,000. Pengo ni 899,400.

Kosa la mwaka jana lilikuwa kuishia hapo. Safari hii tumechora mstari wa miezi na kuandika kila hela inaingia lini. Familia zote nne ni za wakulima. Mpunga na mahindi vinauzwa kuanzia Julai, kwa hiyo hela ya nyumbani ni nzito Septemba na Oktoba, inapungua Desemba, na ikifika Machi imekwisha. Machi hiyo hiyo ina awamu ya tatu, chakula kiko bei ya juu kwa kuwa ghala ni tupu, na masika yanaanza. Pengo la mwaka mzima halikai sawasawa kwenye miezi yote, karibu lote linaangukia kati ya Machi na Julai. Mwenye kuiga mradi huu achore mstari huo kwanza. Anayesomeshwa na mzazi mwenye mshahara atapata picha tofauti kabisa, na pengine hatahitaji kazi yenye nguvu mwanzoni mwa mwaka.

Kuhusu mkopo wa serikali: Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani za kipaumbele. Mwongozo unataja kozi kwa majina. Usisome neno "afya" ukadhani kozi yako imo. Fungua mwongozo wa mwaka wako, tafuta jina la kozi, na kama halipo, usiuweke mkopo kwenye hesabu.

6 Oktoba 2024: Kazi zilizojaribiwa na kuachwa

Hizi zilijaribiwa mwaka wa kwanza. Zinaandikwa kwa ufupi ili mwingine asirudie.

Kukaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa Jumamosi na Jumapili: 5,000 kwa siku. Upungufu unakatwa kwako. Wikiendi ya pili ulipatikana upungufu wa 18,000, kwa sababu mteja alionyesha ujumbe wa muamala kwenye simu yake na fedha akapewa kabla salio la kibanda halijaangaliwa. Ujumbe ulikuwa wa kughushi. Kanuni ni kuangalia salio la laini ya kazi, siyo simu ya mteja.

Tuisheni ya baiolojia kwa wanafunzi wa sekondari: 10,000 kwa mtoto kwa mwezi. Hela nzuri, ila ilikufa wiki ya kwanza ya zamu za usiku, maana mzazi anataka siku zile zile kila wiki.

Maandazi: yanadai kuamka saa 9 usiku. Hayaendi na wodi.

Kuna kazi ya nne ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi huletewa, nayo ni kuchoma sindano na kufunga vidonda kwenye zahanati ndogo au kwa majirani. Hiyo hatukuijaribu na haitajaribiwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwanafunzi anafanya kazi za kiuguzi akiwa chini ya msimamizi, kwenye mafunzo, basi. Dawa ikimdhuru mgonjwa, hakuna wa kukusimamia na usajili wako wa kesho umeshaharibika. Kuuza kwenye duka la dawa muhimu nako kunataka cheti cha mafunzo ya utoaji dawa. Kuwa mwaka wa pili hakutoshi.

Kutokana na hayo tulitaka kazi yenye sifa tatu: ilipwe kwa kipande na siyo kwa siku, iweze kusimama wiki mbili bila kufa, na mtu mmoja akiwa zamu mwingine aweze kuishika katikati. Sare ndiyo jibu. Kwenye hosteli za chuo kuna wanafunzi mia kadhaa wa fani za afya, sare nyeupe haivaliwi mara mbili wodini, na maji ya hosteli hutoka kwa zamu.

14 Oktoba 2024: Mtaji na bei

Mtaji ni 152,000, kila mtu 38,000:

- pasi ya umeme ya wati 1,000, ya mtumba: 35,000
- mabeseni makubwa manne: 32,000
- ndoo tatu za lita 20: 18,000
- kamba ya manila mita 50: 10,000
- vibanio dazeni sita: 12,000
- jiki lita 5: 15,000
- sabuni ya unga kilo 5: 22,000
- tepu ya kitambaa na kalamu isiyofutika: 5,000
- daftari la risiti: 3,000

Gharama ya jozi moja, yaani gauni au shati na suruali: maji 100, sabuni 120, jiki 140, umeme 20, lebo 20. Jumla 400. Bei ni 1,500, faida 1,100.

Umeme unashangaza kwa udogo wake. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 10,000 inatupa uniti 28. Pasi ikishapata moto hujizima na kuwaka, na jozi kumi kwa saa zinakula takriban uniti 0.6. Ila manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Tumekubaliana na mama mwenye nyumba aipunguze kwenye pango, na tumeandikishana.

Lengo: pengo la watu wanne ni 3,597,600, kwa miezi kumi karibu 360,000 kwa mwezi, sawa na jozi 82 kwa wiki. Kufua dakika 15 na kupasi dakika 6 kwa jozi. Inakuwa kama saa 7 kwa wiki kwa kila mtu. Kwenye karatasi inabebeka.

18 Novemba 2024: Sare tatu zimeharibika, fidia 105,000

Mwezi mmoja umepita, na hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote hadi sasa.

Darasani tumefundishwa klorini ya asilimia 0.5, ya kuondolea vijidudu kwenye vifaa: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Tukaloweka sare humo humo. Wiki ya tatu sare mbili zikatoka na rangi ya njano kwenye kola na mikunjo, na ya tatu ikachanika mshono wa kwapa wakati wa kuminya. Kila moja 35,000. Faida ya Novemba, ambayo ingefika 231,000, itabaki 126,000.

Sababu zilikuwa nne kwa pamoja, na ilibidi kuzitenganisha moja moja.

Nguvu ya dawa: 0.5 ni ya vifaa na sakafu. Kwa nguo kinachotakiwa ni 0.05 kwa dakika 30. Ili kupata 0.05 kutoka jiki ya 3.5, gawanya 3.5 kwa 0.05, upate 70, toa 1: sehemu moja ya jiki kwa 69 za maji. Kwenye ndoo ya lita 20 ni mililita 285. Tumeweka alama kwenye chupa ya maji ya nusu lita, na hakuna anayemimina kwa macho. (Gharama ya jiki ya 140 hapo juu imekokotolewa kwa kipimo hiki: ndoo moja, jozi sita. Wiki zile za mwanzo ilikuwa inatumika mara kumi ya hiyo.)

Mpangilio: tulikuwa tunaloweka nguo chafu kwanza. Damu, jasho na udongo hula klorini kabla haijafanya kazi, ndiyo maana kila mara tulihisi dawa "haitoshi" na kuongeza. Sasa mpangilio ni huu. Damu husuuzwa kwa maji baridi peke yake, kwani maji ya moto huigandisha kwenye uzi. Kisha sabuni, kisha kusuuza, ndipo jiki.

Kusuuza baada ya jiki: mara moja haitoshi. Pasi ya moto juu ya klorini iliyobaki ndiyo iliyopaka njano kwenye mikunjo, kwa sababu mikunjo hushika maji. Sasa ni mara mbili, na anayeanika ananusa kola. Ikinuka jiki, inarudi.

Maji ya kisima: siku bomba lilipokata tulitumia maji ya kisima cha jirani, yana chuma. Klorini ikikutana na chuma huacha madoa ya kutu. Maji ya kisima yatumike kwa sabuni tu, jiki isubiri bomba.

Sare za rangi haziguswi na jiki kabisa. Pia jiki isichanganywe na dawa ya choo au kitu chochote chenye asidi au amonia, kwani gesi inayotoka inaumiza mapafu. Beseni la jiki lina alama nyekundu na liko nje.

2 Desemba 2024: Madeni, na hela iliyomezwa na simu

Madeni ya wateja yamefika 96,000. Wanaodaiwa ni watu wema, wanasubiri kutumiwa hela nyumbani, lakini sabuni hainunuliwi kwa wema. Kuanzia leo sare hupokelewa na malipo yake. Asiye nayo anaandikiwa siku ya kuileta na sare inamsubiri chafu. Tunahofia kupoteza wateja. (Nyongeza ya 31 Januari: wiki ya kwanza jozi zilipungua nne tu, na madeni yote yamelipwa isipokuwa 9,000, imefutwa.)

La pili ni zito zaidi. Hela ya mradi ilikuwa kwenye laini ya simu ya mmoja wetu. Laini hiyo ilikuwa na deni la huduma ile ya kukamilisha muamala salio likipungua. Tulipoweka mauzo ya wiki, deni na ada yake vikakatwa hapo hapo bila kuuliza. Mwenye laini alirudisha hela siku nne baadaye, lakini katika siku hizo hapakuwa na hela ya jiki.

Marekebisho: hela yote iko kwenye pochi ya kikundi ya simu, ambayo kutoa kunahitaji watu watatu waidhinishe. Jumapili saa 2 usiku daftari na salio hulinganishwa, zikitofautiana hakuna anayelala. Kwenye simu ya mtu haibaki zaidi ya 20,000 ya matumizi ya wiki.

Pia tumeuliza ofisi ya uhasibu kuhusu kontrol namba (namba ya kulipia ada). Zipo zinazokubali kulipwa kidogo kidogo na zipo zinazotaka kiasi kamili, na nyingi zina tarehe ya mwisho. Tuliomba ya kulipa kidogo kidogo. Hela ikishaingia chuoni haikopeki, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Risiti hupigwa picha siku hiyo hiyo na namba ya muamala huandikwa daftarini.

15 Desemba 2024: Chakula

Chakula kilikuwa 75,000 kwa mtu, nusu yake na zaidi kwa mamantilie. Tumeanza kupika pamoja. Kwa watu wanne kwa wiki: unga kilo 7 (11,200), mchele kilo 4 (10,000), maharage kilo 3 (8,400), dagaa 4,000, mboga na nyanya 6,000, mafuta lita 1 (5,000), sukari kilo 1 (3,000), gesi 6,000. Jumla 53,600, sawa na 58,000 kwa mtu kwa mwezi. Tunaokoa 17,000.

Maharage yalowekwe usiku kucha na kupikwa yote Jumapili, kisha yaungwe kidogo kidogo. Jaribio la kwanza hatukuloweka, mtungi wa kilo 6 ukaisha siku 17. Sasa unafika wiki nne. Anayetoka zamu ya usiku hapiki, anakuta chakula. Bila kanuni hiyo, mtu huyo hupitia kwa mamantilie na hesabu inavunjika.

20 Januari 2025: Ratiba ya wodi imeivunja ratiba yetu

Wodini tangu tarehe 13, wiki tano. Wawili wodi ya wazazi, mmoja watoto, mmoja upasuaji. Ratiba yetu ya zamani ilisema mtu na siku yake: Jumatatu huyu, Jumanne yule. Ndani ya siku nne ilikuwa imeharibika, kwa sababu inchaji wa wodi anaweza kubadilisha zamu jioni kwa ajili ya kesho. Jozi 14 zilichelewa na moja ilikabidhiwa mbichi.

Tulichofanya ni kuacha siku na kugawa hatua. Kazi ina hatua tano: kupokea, kufua, jiki, kuanika, kupasi. Yeyote aliyepo anafanya hatua inayofuata na kuandika ripoti kwenye daftari lililotundikwa mlangoni, kama tunavyokabidhiana wagonjwa. Mfano wa leo saa 9 alasiri:

"Beseni la 1, jozi 6, lebo 41 hadi 46, zimo kwenye jiki tangu 8:50, zitolewe 9:20. Lebo 44 ina damu mkono wa kulia, imeondoka. Kamba ya pili, jozi 8, bado mbichi kwenye mikanda. Lebo 38 kifungo kimelegea, mwenyewe ajulishwe."

Atakayetoka wodini anaisoma na kuendelea. Tangu tarehe 17 hakuna sare iliyopotea wala kuachwa kwenye jiki. Lebo ni tepu ya kitambaa iliyoshonwa kwa uzi mara mbili ndani ya kola. Kalamu peke yake inafutika kwa jiki, tulilijua hilo Novemba.

Kanuni ya pili haina mjadala: kati ya kumaliza kazi ya sare na kuanza zamu lazima zipite saa kumi, na ndani yake usingizi usiopungua sita. Aliyelala saa tatu anasoma vibaya mstari wa bomba la sindano, na anayepata madhara ni mgonjwa. Mwingine atajichoma mwenyewe. Ukijichoma sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa kwa msimamizi saa hiyo hiyo, na dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, kwa siku 28. Hakuna hela ya sare inayofidia siku 28 hizo. Jozi zikizidi uwezo tunakataa kupokea. Wiki iliyopita tulikataa 11.

(Nyongeza ya 31 Januari: licha ya yote, Januari ndio mwezi wetu bora: jozi 290, faida 319,000.)

17 Februari 2025: Kusimama kwa ajili ya mtihani, na barua kwa mhasibu

Mradi umefungwa hadi 9 Machi. Mtihani wa muhula unaanza tarehe 24. Hatua hii haikuzua ubishi: sapu (mtihani wa marudio) moja ina ada yake, inakula likizo, na likizo ndiyo muda wa kutafuta hela. Wateja waliarifiwa wiki mbili kabla.

Kibubu, baada ya kutoa mtaji, kina 717,400. Kila mtu ana 179,350. Nyumbani wametuma wastani wa 70,000. Jumla 249,350, na tarehe 3 Machi inadaiwa 350,000. Pungufu ni karibu 101,000 kwa kila mmoja, kama mstari wa Septemba ulivyotabiri.

Njia mbili zilipendekezwa na kukataliwa. Ya kwanza ni kausha damu: unachukua 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Ni 130,000. Tatizo si zile 30,000 peke yake. Mradi umefungwa, 5,000 ya kila siku ingetoka kwenye chakula katikati ya mtihani. Ya pili ni programu za mikopo za simu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu zisizo na leseni Novemba 2024, na tabia ya hizo ni kuchota namba zilizomo kwenye simu yako na kuwatumia watu ujumbe wa kukudhalilisha. Mwanafunzi mwenye namba za walimu na wauguzi wa wodi kwenye simu yake afikirie hilo kabla ya kubonyeza.

Tulichofanya: barua kwa mhasibu wa chuo leo, wiki mbili kabla ya tarehe. Barua ina mambo manne tu: kilicholipwa hadi sasa na namba za risiti, kitakacholipwa 3 Machi (249,000), kitakachobaki na tarehe yake (101,000, ifikapo 30 Aprili), ombi la kibali cha mtihani. Nakala ya kurasa za daftari la mradi imeambatishwa. Mwaka wa kwanza tulienda baada ya tarehe kupita, mikono mitupu, tukiomba huruma, na jibu lilikuwa hapana. (Nyongeza ya baadaye: safari hii kibali kimetoka siku ya tatu.) Kinachosomwa pale ni tarehe na risiti. Shida kila mwanafunzi anayo.

31 Machi 2025: Masika

Jozi 120 tu tangu tulipofungua tarehe 10. Mvua inashuka kutoka milima ya Uluguru karibu kila alasiri na sare inachukua siku mbili au tatu kukauka. Ya siku ya tatu inanuka.

Jaribio la kwanza: kukaushia kwa pasi. Dakika 20 kwa jozi badala ya 6, pasi iko kwenye moto mfululizo, umeme unapanda kutoka 20 hadi karibu 119 kwa jozi. Hela inavumilika, muda hauvumiliki. Pia kitambaa kinang'aa. Limeachwa.

Jaribio la pili: kuanika ndani ya chumba. Ukungu ulitokea ukutani siku ya tano na mtu mmoja mwenye pumu alianza kukohoa usiku. Limeachwa siku hiyo hiyo.

13 Aprili 2025: Banda la nailoni, na bei mpya

Banda uani: mirunda sita 24,000, nailoni mita 12 kwa 30,000, kamba na misumari 14,000. Jumla 68,000. Wiki ya kwanza tulifunga nailoni pande zote nne ili mvua isirushe. Kosa. Mvuke ulibaki ndani, ukaganda juu na kudondokea sare. Tumeacha paa tu na upande mmoja, ule mvua inakotokea. Kamba ziko sentimita 40 mbalimbali, magauni yanaanikwa ndani-nje, na mikanda inaning'inizwa peke yake kwa sababu ndiyo hukauka mwisho. Sare inakauka kwa siku moja hata mvua ikinyesha, mradi ianikwe kabla ya saa 4 asubuhi.

Lililobadilisha mapato hasa siyo banda. Tuligundua wenye hosteli wanaweza kufua sare moja jioni kwa ndoo yao, wanachokosa ni pasi, maana hosteli zinazikataza. Tumeweka huduma ya kupasi tu: 700, gharama 40, faida 660 kwa dakika 6. Ukilinganisha kwa dakika, kufua na kupasi kunalipa shilingi 52 kwa dakika na kupasi peke yake 110. Tulipaswa kupiga hesabu hiyo Oktoba. Badala yake tulipanga bei kwa kuangalia wengine wanatoza ngapi.

30 Aprili 2025

Aprili: jozi kamili 160, za kupasi 220. Baada ya kutoa banda, faida 253,200. Pamoja na ya Machi, kila mtu ana 96,300. Pungufu ya 4,700 imetoka kwenye akiba ya chakula. 101,000 imelipwa leo mchana, risiti nne zimepigwa picha.

29 Juni 2025

Mei 356,400, Juni 385,000. Juni ndio mwezi wa kwanza uliovuka lengo la 360,000, na saa za kazi zimeshuka hadi 6 kwa mtu kwa wiki. Pasi imepata shoti kwenye waya karibu na mpini, fundi 4,000, imelipwa na aliyekuwa anauzungusha waya kwenye pasi ya moto. Waya usizungushwe kabla pasi haijapoa.

Hela ya nyumbani ilikwisha Aprili, hivyo sehemu ya faida sasa inaenda kwenye pango na chakula kabla ya ada.

10 Agosti 2025: Kufunga hesabu za mwaka

Mtihani wa muhula wa pili umekwisha. Julai ilileta 220,000 kabla ya kufunga. Faida ya mwaka mzima baada ya kutoa mtaji, fidia, banda na deni lililofutwa ni 2,064,000, yaani 516,000 kwa mtu. Akiba ya chakula kwa miezi minane, 136,000. Kila mmoja alinunua sare mpya moja badala ya mbili na kushona ya zamani, 35,000. Pengo la 899,400 limebaki 212,400.

Hiyo yote iko kwenye awamu ya nne ya ada, ambayo imelipwa 137,600. Barua nyingine ilipelekwa 28 Aprili kwa mtindo ule ule, tarehe ya mwisho 30 Septemba, baada ya mavuno. Mpunga wa familia tatu umeshavunwa. Ya nne shamba lilizama, na kikundi kimekubaliana kwamba faida ya wiki tatu za kwanza za muhula mpya itamlipia huyo kwanza, atarudisha kwa kazi.

Mabadiliko ya mwaka ujao: huduma ya kupasi ianze siku ya kwanza, pasi ya pili inunuliwe Oktoba (akiba 40,000 imetengwa), banda lihakikiwe kabla ya Februari, na wawili wa mwaka wa kwanza waingizwe ili sisi tukiwa mwaka wa tatu wodi ya wazazi usiku, mlango usifungwe. Watajifunza chupa ya mililita 285 kabla ya kugusa beseni lenye alama nyekundu.

Stoo leo: mabeseni matatu mazima na moja lenye ufa, ndoo tatu, vibanio 58, jiki lita moja na nusu iliyofunguliwa Juni, ambayo nguvu yake imeshapungua na itatumika kusafishia sakafu tu.